Jiwe la Pimbi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Niliishia darasa la tano, nasoma kwa kufuatisha kidole, lakini meneja wa benki ananipigia simu yeye mwenyewe kunibembeleza nikope. Nina malori sita ya mawe na mchanga, nina mashine ya kusaga kokoto, na nyumba yangu ya Ilemela imekaa mahali ambapo ndege zikishuka, abiria huliona paa langu kabla ya kuuona uwanja. Kwa hiyo mlinzi wa kiwanja changu cha mlimani aliponipigia simu asubuhi moja mwaka huu, sauti inamtetemeka, sikuacha hata kunywa chai. "Bosi, wamekuja tena. Vikongwe wanne, wana visu vya jikoni, wanakwangua lile jiwe kubwa." Nikamuuliza wanakwangua nini. "Sijui, bosi. Mimi nadhani ni wachawi." Nilicheka. Nilijua wanachokwangua: mkojo wa pimbi ulioganda, ambao waganga huutafuta kwa dawa zao. Na jiwe lenyewe lilikuwa limeshapigwa alama ya rangi nyekundu, maana mafundi wa kupasua miamba walikuwa waje mwezi unaofuata, ili pale nijenge ukumbi wa harusi. "Wape salamu zangu," nikamwambia, "halafu geti litie kufuli." Wiki hiyohiyo nikaletewa habari kwamba Mama Koku, aliyenipangisha chumba ujanani, amefariki, kule Kitangiri.

Nilikuwa sijakanyaga nyumba ile miaka mingi. Niliposimama mlangoni, kabla sijavua viatu, niliurudia mwaka mzima nilioishi pale kama mpangaji. Nilikuwa kijana wa kuvunja mawe kwa nyundo, mikono imepasuka, ila mdomo ulikuwa mzima. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, imeuegemea mwamba kiasi kwamba ukuta wa nyuma wa chumba changu ulikuwa mwamba wenyewe. Mvua ikinyesha, jiwe linatoka jasho. Upande wa pili palikuwa na chumba cha wenye nyumba, na ukuta uliotutenganisha haukufika juu. Kila kilichosemwa kwao nilikisikia. Na kila kilichonuka kwao nilikinusa.

Kilichonuka kilikuwa mguu wa Mzee Laurian, mume wa Mama Koku. Alikuwa na kidonda kilichokataa kupona, kimekula kutoka kwenye kisigino kikipanda, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani wakisema wazi kwamba hawana la kuongeza. Mama Koku alichemsha vitambaa, akaosha, akafunga, akafua, siku nzima mikono yake iko kwenye maji ya moto. Alikuwa msafi kuliko wanawake wote wa mtaa ule. Lakini harufu ile haikujali usafi. Ilikaa kwenye pazia, kwenye godoro, kwenye mbao za kitanda. Wageni walikuwa wakifika wanasimama uani, wanasalimia kwa sauti kubwa kama watu wanaomwita mtu aliye ng'ambo: "Mzee, shikamoo! Pole sana! Tuna haraka kidogo, tutarudi!" Naye anajibu kutoka ndani, "Marahaba, marahaba, karibuni," na kabla hajamaliza, nasikia ndala zao zinaondoka.

Yule mzee alikuwa mwalimu wa kwaya. Maisha yake yote, huko kwao Bukoba na baadaye hapa Mwanza, alifundisha watu kuimba kanisani. Sasa, kila wiki familia za Kikatoliki za eneo letu zilikutana kusali kwenye nyumba moja, kwa zamu, kama jumuiya zote zinavyofanya. Zamu ya nyumba ile ilikuwa inarukwa. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeomba radhi. Ilifika, ikapita, wakaenda nyumba inayofuata. Siku walizosali kwa jirani, mzee alilala akisikiliza, kisha akaanza kuwafuata kwa sauti ya chini kabisa, peke yake, kitandani. Mara anakatiza. "Unawasikia hao? Besi wamelala!" Mama Koku anamwambia, "Imba wewe, Baba Koku, waache wao." Na mzee anauliza, kila wiki: "Zamu yetu bado?" Mama Koku anajibu, "Inakuja." Siku moja nilimkuta jikoni baada ya kutoa jibu hilo, amesimama anaukoroga ugali wa muhogo ambao ulikuwa umeshaiva zamani. Nikamwambia mama, kama ni maombi, kuna wahubiri wa stendi wanaokuja hata kwa shetani. Hakucheka. "Sitaki wa kumponya, mwanangu. Hilo limeshapita. Nataka watu wake waje wakae naye mle ndani, waimbe, yeye awasahihishe. Asife kama mtu aliyefungiwa stoo."

Hapo ndipo zilipoanza chupa. Mama Koku alipokuwa msichana alifanya kazi ya kuosha chupa kwenye duka la dawa la hospitali ya masista, na aliona namna walivyoloweka majani na magome kwenye spiriti kali mpaka spiriti inabeba nguvu yote ya kile kilicholowekwa. Wao waliita tinkcha. Walifanya kwa ajili ya dawa. Yeye alikuwa ameendelea nyumbani kwa ajili ya manukato, kidogokidogo, anawatengenezea mabibi harusi wa kanisani. Kufukiza ubani kulishindikana, kwa sababu moshi ulimletea mzee kikohozi cha kumtoa machozi. Lakini ubani ukilowekwa haumkohozi mtu. Akajaza mitungi ya kioo chini ya kitanda changu, maana chumba changu ndicho kilikuwa na giza na baridi ya jiwe: ubani uliopondwa, maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa bila ule weupe wa ndani, vanila ya Bukoba iliyokatwa vipande vidogo kama kucha. Mkahawa ulipochanua, ndugu zake walimletea maua kwa meli ya usiku, yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Aliyaanika kivulini kwanza yapoteze maji, akayatumbukiza, kesho yake akayachuja na kuweka mengine kwenye spiriti ileile, hivyohivyo mpaka maua yakaisha. Kazi yangu ilikuwa kuitikisa kila asubuhi kabla ya kwenda mlimani. Nilimwambia mzee kwamba katika Mwanza nzima hakuna kijana anayelala juu ya bustani isipokuwa mimi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe Msukuma," akasema, "kujisifu ni kazi yetu sisi Wahaya. Umeiazima kwa nani?"

Shida ilikuwa spiriti. Ile ya zambarau ya kuwashia taa ni sumu na ina harufu yake yenyewe. Ile safi ya maabara, bei yake ilikuwa ya watu wengine. Kwa hiyo mama huyu, mwanachama wa chama cha akina mama wa kanisa, mwenye rozari shingoni, alitumia gongo, ile pombe haramu ya muhogo. Lilitoka Sengerema kwa kivuko, kwenye dumu la mafuta ya kula, chini ya kikapu cha mihogo, likiletwa na mwanamke ambaye alisalimia kwa "Tumsifu Yesu Kristo" na kuondoka bila kukaa. Mama Koku alilijaribu kwa kijiko: analiwasha, na kama moto ni wa bluu na kijiko kinabaki kikavu, ni zuri. Dumu lile la kwanza kijiko kilibaki na maji. Aliliona. Lakini maua ya mkahawa hayasubiri mtu, akamimina hivyohivyo.

Mitungi ilipokaa muda wake, alichuja kwa kanga safi, akachanganya, na yeye mwenyewe akaenda kwa Bwana Method, seremala, mwenyekiti wa jumuiya, kumkumbusha kwamba zamu ya nyumba yake ni wiki ile. Mwenyekiti hakuwa na pa kukimbilia. Siku yenyewe Mama Koku alipaka mchanganyiko wake kwenye pazia, kwenye pindo la shuka, kwenye mbao za kitanda, na nakwambia, chumba kile kilibadilika. Kilikuwa kama sakristia ya kanisani iliyojengwa katikati ya shamba la kahawa. Mzee alivaa shati jeupe. Lakini watu wa jumuiya walichelewa, kama kawaida ya watu, na manukato ya maua hayachelewi, yanaondoka. Walipoingia, ua lilikuwa limeshakwenda, ndimu imekwenda, na kilichobaki hewani vilikuwa vitu viwili: kidonda na gongo. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, maana siku hizo sikuwa mtu wa rozari, na kupitia ule ukuta usiofika juu nikasikia mnong'ono. "Unasikia harufu hiyo?" "Naisikia." "Wanampa gongo, maskini." "Au wanapika humuhumu." "Ndiyo maana hakiponi." Walisali fungu moja la rozari badala ya matano. Hawakuimba. Mandazi ya Mama Koku yalibaki kwenye sinia, na mzee, baada ya mlango kufungwa, akasema kwa upole sana, "Leo walikuwa na haraka." Nilimsikia Mama Koku anakunja shati jeupe.

Hali ya mzee ilianza kushuka. Chakula chake kikawa uji, na mchuzi wa samaki, sato, tuliomnywesha kwa kijiko. Mama Koku alirudia kazi yake upya: safari hii alilichemsha gongo tena yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwenye moto mdogo wa mkaa uliofunikwa majivu. Aliweka bakuli juu ya tofali ndani ya sufuria, akageuza mfuniko, akamimina maji baridi ya ziwa juu yake, na mvuke ukawa unadondoka kwenye bakuli tone kwa tone, msafi, hauna hata kumbukumbu ya muhogo. Kijiko kilibaki kikavu. "Hili sasa ni spiriti," akasema. "Lakini bado halijui kungoja. Nimekosa kitu cha kuwashika hawa wengine, ua na ndimu, wasikimbie. Masista walikuwa nacho, kinatoka kwa mnyama, kinatoka mbali." Nikamuuliza kikoje. Akasema cheusi, kikavu, kinanuka vibaya kikiwa kingi na vizuri kikiwa kidogo. Basi bwana, nilipiga kifua. Nikamwambia, mama, huyo mnyama wenu wa mbali mimi nafanya naye kazi kila siku.

Mtu yeyote anayevunja mawe Mwanza anawajua pimbi. Wanakaa kwenye nyufa za miamba, wanakuangalia kama wazee wa baraza. Na wana tabia moja: ukoo wote hujisaidia mahali pamoja, baba, babu na babu wa babu, mpaka mkojo unashuka kwenye jiwe na kuganda, tabaka juu ya tabaka, kuwa kitu kama lami ngumu. Kwenye mlima tuliovunja palikuwa na jiwe moja kubwa kama nyumba, na chini ya ufa wake kitu hicho kilikuwa kinene kama mkate. Nilikikwangua kwa kisu nikamletea kwenye kofia. Alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Yesu wangu! Hili ni zizi la mbuzi!" Mzee akaita kutoka ndani, "Mwacheni huyo mbuzi apite nje, hapa mimi natosha!" Tulicheka wote watatu, kila mtu upande wake wa ukuta. Kisha Mama Koku akanusa tena, taratibu, macho yamefumbwa, akaniuliza, "Hili jiwe limevunjwa?" Nikamwambia bado. "Msilivunje. Kitu kama hiki hakitengenezwi upya. Ukikivunja leo, hata wajukuu zako hawatakipata." Nikaenda nikamwambia msimamizi wetu kwamba jiwe lile lina nyoka, tukahamia upande mwingine.

Mama Koku alilisaga lile donge la pimbi, akaliloweka, akaniambia linataka miezi. Nilipatwa na hasira, maana nilikuwa kijana na kila kitu nilikitaka leo. Nilimwambia tulipashe moto kidogo litoe haraka. "Ukilipasha litakuungulia, na utaunguza nyumba na mgonjwa ndani." Kwa hiyo tulingoja. Sijawahi kungoja kitu kama hicho, na nimengoja mengi, pamoja na malipo ya serikali. Mtungi uko chini ya kitanda changu, spiriti inageuka rangi ya chai, kisha ya kahawa, na upande wa pili wa ukuta pumzi ya mzee inazidi kuwa fupi. Kila asubuhi nikiutikisa nilisikiliza kwanza kama anapumua. Senene, wale panzi wa kuliwa, walikuja, Mama Koku akawakaanga, mzee akamumunya mmoja tu akasema ladha imebaki ileile. Mvua zikapita, mkahawa ukachanua tena, maua mapya yakaja kwa meli. Siku moja Mama Koku alifungua mtungi, akachovya kipande cha karatasi, akakipeperusha na kunipa. Lile zizi lilikuwa limeondoka. Palikuwa na ngozi ya kiti cha zamani, asali iliyoungua, tumbaku, na nyuma kabisa kitu kama kichwa cha mtoto mdogo aliyelala juani. Alilitia tone kwa tone kwenye ubani na vanila na ua la mkahawa. Asubuhi tulipaka karatasi, jioni ua lilikuwa bado limo, limeshikwa.

Lakini nani angekuja kunusa? Mama Koku alisema hawezi kumkumbusha mwenyekiti mara ya pili. Nilikwenda mimi. Nilimkuta Bwana Method kwenye karakana yake Kirumba, asubuhi, anapiga randa ubao wa jeneza. Nikamwambia, mzee shikamoo, sikuombi kitu, nipe tu mkono wa shati lako. "Wewe si yule mvunja mawe mwenye maneno mengi?" Nikamwambia ndiye huyo. Akaniruhusu ili niondoke. Nikapaka tone moja kwenye pindo, nikasema, jioni ukifika nyumbani, nusa, na kama ni gongo, njoo na mgambo. Jioni alikuja kweli, bila mgambo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akizungumza na Mama Koku lakini akinitazama mimi. "Nimetoka jasho siku nzima, nimepaka gundi, nimepaka vanishi. Mke wangu amenipokea mlangoni ameniuliza, leo ulikuwa kwa nani?" Kisha akatazama chini. "Mama Koku, zamu yenu ni kesho. Tumeichelewesha sana."

Walikuja wengi kuliko chumba. Waliingia wakiwa wamekaza pua, nilikuwa nawaona kwa sababu siku ile sikukaa chumbani kwangu, na mmoja mmoja nikaona nyuso zinalegea. Kidonda kilikuwepo, asije mtu akakudanganya kwamba manukato yanafuta kitu. Kilikuwepo, ila kilikuwa kimepewa wenzake wa kukaa nao. Bwana Method aliangalia viti vyote vimejaa, akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu na ule mguu, mahali ambapo kwa mwaka mzima hakukuwa na mtu aliyekaa isipokuwa mke. Walisali mafungu yote matano. Walipoanza kuimba, mzee aliinua kidole. Wakanyamaza. "Besi," akasema, sauti kama karatasi, "besi mmelala tena." Watu wakacheka, wengine wanalia, wakaanza upya, naye akapiga mapigo kwa kidole kimoja juu ya shuka mpaka mwisho. Hawakuondoka. Walikula ndizi na maharage wamekaa sakafuni, wakazungumza habari za bei ya dagaa na za padri mpya, mazungumzo ya kawaida kabisa, na mzee alikuwa amelala katikati yao anasikiliza kama mtu anayeota jua. Tangu siku hiyo hakukosa mtu wa kukaa naye. Alifariki kabla ya mwezi kwisha, mchana, akina mama wawili wapo chumbani wanachambua mchele.

Mimi nilihama mwaka uliofuata, nikaanza kutafuta mali, nikaipata. Nilipopata ya kutosha niliununua mlima ule, kwa kuwa nilijua una jiwe zuri. Nilidhani habari ya pimbi iliishia kwa Mzee Laurian. Sasa nimeingia chumba kilekile, Mama Koku amelazwa katikati, tumejipanga kumuaga, nami nimejiandaa kwa ile harufu ya dawa ya mochwari ambayo kila mtu anaijua. Nikainama. Ngozi ya kiti cha zamani, asali iliyoungua, ua la mkahawa. Nikashika jeneza. Mwanamke mzee aliyekuwa amekaa pembeni akanishika mkono. Ni mke wa Bwana Method, yule aliyeuliza kuhusu shati. Yeye sasa ni mjane. "Masalu, ni wewe? Pole, baba. Umeisikia eeh? Alitufundisha. Kila nyumba yenye mgonjwa aliyekimbiwa na watu, sisi tunakwenda na chupa. Miaka yote hii." Akaweka kichupa kitupu kwenye mapaja. Kilikuwa cha dawa ya kikohozi. "Hii ilikuwa ya mwisho, tumempaka mwenzetu. Mwenye mlima ametufungia geti, na wanasema lile jiwe litapasuliwa. Wewe si ndiye uliyemwonyesha? Watu wakubwa mnajuana. Kama unamjua huyo mwenye kiwanja, tuombee."

Mimi ninayemhesabia malori yangu hata mhudumu anayeniletea chai, sikumtajia kwamba mlima ni wangu. Nikasema, "Ninamjua, mama. Nitamwambia."

Nilipomwambia jiwe lisiguswe, mhandisi wa ukumbi aliniona nimepungukiwa na akili. Alisema jiwe likibaki, ukumbi wote unageuka upande wa ziwa, msingi uliokwisha kuchimbwa unafukiwa, ramani inachorwa upya, na malipo ya awali ya wapasua miamba hayarudi. Nikamwambia, fundi, piga hesabu yote, na ndani yake weka geti dogo upande wa mwamba, lisilo na kufuli. Alipiga akanionyesha. Nililipa siku ileile, sikuomba apunguze hata mia: shilingi milioni kumi na tisa, laki nne na elfu thelathini.